Niliambiwa jikaze miaka yote, hakuna aliyeniambia nikaze nini

Mimba yangu ya kwanza nilidondoka maabara. Sio kwamba nilijisikia vibaya nikakaa, hapana, nilidondoka kabisa, nesi kashafunga ule mpira mkononi, kashapaka spiriti, nasikia tu ubaridi wa pamba na ile harufu, mara masikio yakaanza kuvuma kama mto, macho giza, nakuja kushtuka niko sakafuni na kanga ya mtu imekunjwa chini ya kichwa changu. Na sindano ilikuwa haijanigusa. Kina mama wote kwenye benchi wananiangalia, na yule aliyekuwa ananihudumia akauliza kwa sauti, sasa wewe kuzaa utaweza? Kituo chenyewe sikitaji, kipo hapa hapa Mbeya, ila sikurudi kwa karibu miezi miwili. Miezi miwili ya mimba bila kujua wingi wa damu wala presha, kwa sababu ya sindano tu.

Nyumbani wote wakaniambia neno moja. Mama, jikaze mwanangu. Wifi, jikaze bwana we mtu mzima. Nikaombewa pia, na nilishukuru, ila nikipita karibu na geti la zahanati bado miguu inaisha nguvu.

Mtoto alipofika mwaka ndo rafiki yangu akanipeleka kwa dada mmoja aliyesomea saikolojia, ana kiofisi chake upande wa Soweto. Cha kwanza aliniuliza, kwenu nani mwingine anazimia? Nikashangaa amejuaje. Baba yangu kule Tukuyu, mwanaume ana mwili wake, anabeba mkungu wa ndizi kama kikapu, lakini sikukuu wakichinja mbuzi anajifanya ana shughuli shamba. Watu wanasema ana roho nyepesi. Kumbe hofu hii ya damu na sindano mara nyingi inatembea kwenye familia na haina uhusiano wowote na roho.

Alivyonieleza ni hivi. Mtu anayeogopa mbwa au kuwa mahali pa juu, moyo unaenda mbio na presha inapanda, ndo maana ni nadra sana kuzimia. Sisi wa damu presha inapanda kidogo afu inaporomoka ghafla, moyo unapunguza mwendo, damu ya kichwani inapungua, chini. Kwahiyo ule ushauri wa vuta pumzi, legeza mwili, kwa mtu anayezimia kama mimi unaweza kuharibu kabisa, mwili tayari umelegea kupita kiasi! Kinachotakiwa ni kukaza. Nilivyosikia hilo neno nilitaka kulia. Miaka yote naambiwa jikaze, na mimi nakaza moyo, kumbe ni mapaja.

Njia hii ilifanyiwa kazi Sweden na mtaalamu anaitwa Lars-Göran Öst, yeye na mwenzake Ulf Sterner wakaiandika mwaka 1987. Unakaa kwenye kiti, unakaza mikono, kifua, tumbo na miguu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto linapanda usoni, afu unaachia, sio kulegea kabisa, unarudi tu hali ya kawaida kama sekunde 20 hadi 30, unakaza tena. Mara tano. Nilikuwa nafanya kila siku, nikisubiri kande ziive, nikiwa nimekaa kwenye daladala ya Uyole, Juni ile ya baridi kali ilinisaidia hata kupata joto. (Kama una mimba au una presha, muulize kwanza daktari kabla hujaanza kukaza.)

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzoeshwa taratibu, na hii ni ya zamani zaidi. Mwaka 1924 mama mmoja Mmarekani, Mary Cover Jones, alieleza alivyomsaidia mtoto mdogo anayeitwa Peter aliyekuwa anaogopa sungura, mtoto anapewa chakula anachokipenda na sungura anasogezwa kidogo kidogo, mpaka mwisho Peter akamshika mwenyewe. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili wa Afrika Kusini, akatengeneza mpango wa ngazi, unaanza na kinachokutisha kidogo unapanda. Ngazi yangu ilianza na picha ya sindano kwenye simu, afu video, afu kunusa spiriti, afu kushika bomba la sindano halina sindano, afu kwenda kukaa benchi la maabara bila kupimwa. Hapo kwenye benchi nilikwama wiki nzima. Nilitaka kutoka mbio, na yule dada akanambia ukikimbia utapata nafuu sasa hivi, na hiyo nafuu ndo inaifundisha akili yako kwamba kweli kulikuwa na hatari. Nikabaki. Nikakaza, nikaachia, nikakaza, jasho linatoka, na baada ya muda hofu ikaanza kushuka yenyewe, sijafanya kingine chochote. Sijawahi kuambiwa na mtu kwamba hofu inashuka yenyewe.

Mimba ya pili nilimwambia daktari mapema, akaniruhusu kukaza mikono na miguu tu, tumbo niliache. Maabara nikamwambia nesi kabisa, mi huwa nazimia, naomba nilale. Akasema sawa mama, lala. Huo mkono wa kuchomwa unauacha umelegea ili mshipa upatikane, unakaza mwingine na miguu. Nikaangalia damu inaingia kwenye kichupa, nyekundu iliyoiva kuliko nilivyofikiri. Vichupa viwili. Nikaamka mwenyewe, nikavaa viatu, nikaenda kununua parachichi.

Mwezi uliopita baba alitakiwa kupima sukari, anakwepa tangu mwaka jana, mara mvua, mara chai haijavunwa. Nikapanda Coaster mpaka Tukuyu, tukakaa jikoni siku mbili nikimfundisha. Siku ya kipimo nilikaa pembeni yake, nesi akachukua kidole, nikamwambia baba, kaza mapaja. Akakaza mpaka benchi likalia. Kisha akanigeukia, uso umemwiva, akaniuliza, wameshachoma?