Kiti cha baiskeli, tezi dume na boksi la maziwa

Niko na miaka 58 na naendesha baiskeli kutoka Buruburu mpaka Industrial Area, hapa Nairobi, karibu kila siku. Si eti ni mazoezi, ni vile Jogoo Road asubuhi ilinishinda na hizo nauli za kupanda mvua ikinyesha. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kiti. Kiti ni kiti, unapanda unaenda. Tezi dume ilipoanza kunisumbua ndio nikajua kuna mahali panaitwa msamba, hapo katikati, nyuma ya korodani na kabla ya njia ya haja kubwa, na kwamba mimi nimeukalia huo msamba miaka nenda rudi bila kuuliza kama unaumia.

Ilianza usiku. Naamka mara tatu, mara nne, nasimama chooni nikingoja kama mtu amepanga foleni kwa benki, mkojo ukikuja ni wa kusitasita, na ukirudi kitandani unahisi bado haujaisha. Mama watoto ndiye alinisukuma hospitali, mimi ningekaa tu. Nikapimwa damu, nikapigwa altrasaundi, nikaambiwa tezi imekua lakini si saratani, nikapewa dawa ya kumeza kila jioni baada ya chakula na nikaonywa nisiinuke kwa haraka kwa sababu inaweza kuteremsha presha nipate kizunguzungu. Hapo nikajikaza nikamuuliza daktari (msichana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, hebu fikiria hiyo aibu) kama ni lazima niuze baiskeli.

Akacheka kidogo. Akaniambia hapana, baiskeli haifanyi tezi ikue, hiyo ni umri na homoni, hata wazee ambao hawajawahi panda baiskeli wanayo. Na tezi yenyewe iko ndani, chini ya kibofu, hauikalii moja kwa moja vile watu hudhani. Shida ni kwamba kwa msamba kunapita neva na mishipa ya damu ya kwenda huko mbele, na kiti kikifinya hapo saa nzima unakufa ganzi, na kama tezi tayari imekasirika, hasa kama ni ile ya kuvimba na kuuma, unashuka ukiwa mbaya kuliko ulivyopanda. Akasema ganzi si kitu cha kuzoea. Mimi nilikuwa nimeizoea, nilidhani kila mtu hufika kazini hivyo.

Sasa nikafanya kosa ambalo naona kila mtu hufanya. Nikatafuta kitu laini. Kwanza nikanunua kava ya jeli, ile ya kuvalisha juu ya kiti, halafu nilipoona haitoshi nikanunua kiti kizima kipana chenye sponji nene na springi chini, kama kiti cha sebuleni, na jamaa wa duka akaniapia kwamba hicho ndicho cha wazee. Siku mbili za kwanza raha. Siku ya tatu nimefika kazini siwezi kuhisi kitu huko chini kwa karibu nusu saa, na usiku huo niliamka mara tano.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye na nikaielewa ndio nikajicheka. Mtu amewekewa mifupa miwili ya kukalia, iko kwa makalio, ukiweka mikono chini yako ukiwa kwa benchi la mbao utaisikia imechomoza. Hiyo ndiyo inafaa kubeba uzito. Sponji ikiwa laini sana, ile mifupa inazama, na ikizama sponji ya katikati inabaki juu, kwa hivyo ni kama imeinuka ikufinye palepale unapoogopa kufinywa. Kigumu kiasi ndicho kinakubeba, bora kiwe cha upana wako. Wale wazee wa zile baiskeli za Black Mamba na viti vyao vya ngozi vya springi walikaa wima, uzito wote kwa mifupa, ngozi imeshajitengeneza umbo la mwenyewe, na sisi tulikuwa tunawaona washamba.

Upana wako unaujua vipi? Hapa ndipo boksi la maziwa linaingia. Nilichukua boksi la kadibodi, yale ya kubebea pakiti za maziwa, nikakata kipande kikubwa nikakiweka juu ya stuli ya mbao ya jikoni. Nikakalia na kaptula nyepesi, miguu nikaiweka juu ya ndoo imefunikwa ili magoti yapande, nikainama mbele kidogo kama nimeshika stiaring, nikajikandamiza hapo kama dakika moja. Mama watoto akaingia akaniangalia, akatoka bila kusema neno. Nikainuka, kwa kadibodi kuna mashimo mawili, si makubwa, ukiyapitishia kidole unayapata vizuri hata kama macho hayaoni. Nikaweka alama ya kalamu katikati ya kila moja nikapima na rula ya mtoto: sentimita 12 na nusu. Ukishapata hiyo unaongeza kama sentimita 2 kama unaendesha ukiwa umeinama, na kitu kama 3 kama unakaa wima kama mimi. Kwa hivyo mimi ni wa kiti cha milimita 155. Kile cha sofa kilikuwa zaidi ya 200, mapaja yanasugua kila ukikanyaga pedeli, na kile cha kwanza kilichokuja na baiskeli ni chembamba mpaka mifupa ilikuwa inaning'inia nje, nimebebwa na msamba peke yake.

Nikaenda na hicho kipande cha kadibodi kwa fundi wetu pale steji. Kijana mdogo, mikono grisi mpaka kwa kiwiko.

"Mzee, hii ni nini sasa?"

"Ni makalio yangu."

Akaicheka ile kicheko ya kuita watu. Lakini nikamwambia ukweli, nikamwambia kijana wangu, niko na shida ya tezi na nataka kiti chenye shimo katikati, upana ni huu hapa. Akanyamaza kidogo, akasema hata mzee wake nyumbani anaamka usiku hivyohivyo na hataki kuongea. Akaingia ndani kwa yale magunia ya viti vya baiskeli za mitumba, zile zinakuja kwa kontena kutoka ng'ambo, tukaweka kadibodi juu ya kimoja hadi kingine mpaka tukapata cheusi, kigumu, kimetobolewa katikati mfereji unaopitisha vidole viwili, na nyuma chini kimeandikwa 155. Shilingi 1,500. Kile cha sofa kilikuwa kimenikula zaidi ya hiyo.

Kununua ni nusu ya kazi lakini. Wiki ya kwanza bado nilikuwa nafinyika mbele, nikataka kumrudishia. Kumbe pua ya kiti ilikuwa imeangalia juu, kidogo tu, kwa macho huwezi jua. Kuna mjengo mbele ya kwetu nikaazima pimamaji kwa fundi wa mawe, nikaweka ubao juu ya kiti kutoka nyuma mpaka mbele kwa sababu kiti chenyewe kina bonde, nikaweka pimamaji juu ya ubao, na kweli povu limekimbilia mbele. Nikalegeza ile nati ya alen chini, nikateremsha pua mpaka ikawa sawa, halafu ikapita sawa kidogo tu, nywele moja. Ukiteremsha sana unateleza mbele na mikono na mabega vinabeba uzito wote, nilijaribu, nikaumwa na viganja siku tatu. Na urefu pia: weka kisigino kwa pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa juu sana nyonga zinacheza huku na huku na unajisugua palepale.

Kuna vile viti havina pua kabisa. Hivi si vya mchezo, taasisi ya usalama kazini ya Marekani inayoitwa NIOSH iliwapa polisi wa doria ya baiskeli viti hivi kwa miezi sita, na utafiti ukatoka 2008: waliosema hawajapata ganzi wakati wa kuendesha waliruka kutoka asilimia 27 mpaka 82. Rafiki yangu mmoja tunayeenda naye msitu wa Karura wikendi anacho, akaniazima. Msamba raha mustarehe, sikatai. Lakini mimi huongoza baiskeli na mapaja pia, na bila pua ya kugusa nilijihisi nayumba, na Jogoo Road na matatu zake si mahali pa kuyumba. Ningekuwa naendesha Karura tu ningekinunua.

Kitu kingine nilijifunza kwa njia mbaya ni kipimo cha PSA, kile cha damu cha kuangalia tezi dume. Mara ya pili nilifika maabara na baiskeli, jasho bado, nikatolewa damu, namba ikarudi juu na wiki nzima sikulala. Daktari akauliza ulikuja na nini, nikasema baiskeli, akashika kichwa. Akaniambia siku mbili kabla ya kipimo nisipande baiskeli na nisikutane na mama watoto pia, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuipandisha. Tukarudia, ikashuka. Kwa hivyo ukienda kupima panda matatu tu, vumilia.

Siku hizi nasimama kwa pedeli kila baada ya dakika kumi hivi, na kwa mara ya kwanza maishani naona matuta ya Nairobi yana faida, kila tuta nainuka damu ipite. Nina kaptula mbili za pedi za mitumba za Gikomba, zinavaliwa bila kitu ndani, hiyo ilinichukua muda kukubali. Usiku naamka mara moja, mara mbili nikizidisha chai, lakini hapo sitadanganya mtu, sifa ni za dawa, kiti kimeniondolea ganzi na yale maumivu tu. Na ukiona damu kwa mkojo, au homa, au mkojo umekataa kabisa kutoka, hiyo wachana na mafundi, enda hospitali siku hiyohiyo.

Kile kiti cha sofa nilimwachia fundi. Kava ya jeli iko nyuma ya nyumba, mama watoto huipigia magoti akipalilia sukuma, na anasema ni laini ajabu.