Siku yangu kati ya stoo ya Gerezani na maabara ya Kijitonyama

Saa 10:45 alfajiri. Kabla hata sijanawa uso nachungulia kompyuta. Jana usiku niliiacha ikichambua majina ya bidhaa, nikalala na matumaini. Umeme ulikatika saa nane, na betri yangu ni ya kupewa pole. Hakuna kilichohifadhiwa.

Saa 12:10 asubuhi. Mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani, nimesimama, begi kifuani.

Saa 1:30. Nipo dukani. Hapa wanauza kwa jumla spea za bodaboda na bajaji, na ndipo sisi wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho tunapofanyia mradi wetu wa utafiti. Makubaliano ni mepesi kuyasema: tajiri anatupa kumbukumbu za mauzo ya miaka minne, sisi tunamtengenezea programu ya kukisia aagize nini na lini. Mzigo wake unakuja kwa meli. Ukikosea leo, kosa unakaa nalo miezi.

Nilidhani kazi kubwa itakuwa kukisia. Kumbe kazi kubwa ni majina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wa kompyuta. Leo tunahesabu nini?"

Huyu ndiye mtunza stoo. Yuko hapa tangu mauzo yakiandikwa kwenye daftari. Siku hizi ni eksel, lakini kila muuzaji anaandika anavyosikia: mmoja "klachi", mwingine "kilachi". Kuna mstari mmoja umeandikwa "kama ya juzi", na mzee anakumbuka ilikuwa nini.

Tulianza na kipimo cha mwanahisabati wa Kirusi, Vladimir Levenshtein, cha mwaka 1965. Unahesabu herufi ngapi uongeze, ufute au ubadilishe ili neno moja liwe lingine. "Kilachi" kuwa "klachi" ni hatua moja. "Bearing" kuwa "beringi" ni mbili: futa a, ongeza i mwishoni. Tukaiambia mashine kwamba hatua mbili kushuka chini ni kitu kimoja, tukapongezana.

Sasa hesabu "plagi" na "pleti". Mbili vilevile! Mashine ikachanganya plagi na pleti za klachi, na kwa wiki mbili makisio yetu yalionyesha plagi zinanunuliwa kama karanga za stendi. Mzee alipoona mchoro alicheka mpaka akavua miwani.

"Plagi na pleti? Hapo hata mtoto wa fundi hakosei."

Leo nimekuja kumtazama anavyofanya. Nampa orodha iliyochapishwa, naye anapita na kalamu. Nagundua jina halitazami sana. Jicho linaanzia kwenye bei, linakwenda kwenye idadi, kisha aina ya pikipiki, ndipo linarudi kwenye jina, tena kwa haraka. Naandika yote hayo kwenye simu. Katika muhula mzima sijaandika kitu cha maana kuliko hiki.

Saa 4:00. Tajiri anaingia. "Vijana, lini?" Hajawahi kutuuliza swali jingine. Simlaumu, anakaribia kuagiza mzigo.

Saa 6:30 mchana. Mwendokasi hadi Morocco, daladala hadi Sayansi, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8:00. Kwa msimamizi wetu. Tajiri anataka kitu kinachofanya kazi. Dokta anataka kujua tumegundua nini. Namweleza habari ya bei kwa mbwembwe zote.

"Vizuri. Swali la utafiti liko wapi? Mpaka hapa hii ni kazi ya karani."

Kimya. Mwenzangu anaangalia feni.

Halafu dokta anachukua kalamu. Chukueni majina 300 bila kuchagua, anasema. Mzee ayapange mwenyewe, asione majibu ya mashine. Kisha pimeni: tahajia peke yake inakubaliana naye mara ngapi, na tahajia pamoja na bei mara ngapi. Hapo kuna swali, na kuna jibu linaloweza kuwaumbua. Kabla hatujainuka anauliza kuhusu namba za simu za wateja wa mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwanafunzi hana msamaha kwa sababu ni mwanafunzi. Tunajibu kwa kujiamini kwamba tulishazifuta.

Saa 9:20. Maabara. Faili moja bado lina namba zote. Tunazifuta bila kutazamana usoni.

Saa 10:00 hadi saa 12 jioni ni kuandika programu, na hakuna cha kusimulia. Bei imeingia kwenye hesabu, plagi na pleti zimeachana. Tunapiga makofi, tena mapema mno: cheni, ambayo ilikuwa imetulia, sasa imegawanyika kuwa bidhaa mbili. Jina lilelile, pikipiki ileile, bei mbili.

Saa 12:40. Nampigia mzee. Nasikia mageti ya duka yakishushwa.

"Mzee, samahani kwa usumbufu. Cheni mbona ina bei mbili?"

"Moja ya taslimu, moja ya mkopo."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mwanangu."

Saa 3:00 usiku. Kimara, umeme upo. Nachapisha majina 300 kwa jirani mwenye duka la stesheneri, bila safu ya majibu ya mashine. Pembeni naongeza safu moja kwa kalamu: taslimu au mkopo.