Kamali ya Farqadani: kumbukumbu ya mradi, kutoka kibao cha kwanza hadi cha pili

Mei. Kuchagua nyota

Kamali ni kibao chenye uzi wa vifundo: unauma kifundo cha bandari unayoitaka, unanyoosha uzi, na nyota ikigusa ukingo wa juu wa kibao huku upeo wa bahari ukiwa kwenye ukingo wa chini, uko kwenye latitudo ya bandari hiyo. Jaa, nyota ya kaskazini, haitusaidii pwani hii. Hata Lamu, iliyo nyuzi 2 dakika 16 kusini mwa ikweta, nyota hiyo imeshazama chini ya upeo wa bahari. Kamali hii kwa hiyo inapimwa kwa Farqadani, nyota mbili za Dubu Mdogo ambazo manahodha wa zamani nao walizigeukia Jaa ilipowapotea. Kati ya hizo mbili tunatumia Kochab. Ukiitazama kutoka huku kwetu, ndiyo ya chini upande wa kushoto, yenye wekundu kidogo. Mwenzake yuko juu kulia na ni hafifu zaidi.

Kwa sasa Kochab iko nyuzi 74 dakika 3 kaskazini ya ikweta ya mbingu. Ikifika kileleni, juu kabisa katika mzunguko wake, chukua nyuzi 15 dakika 57, toa kimo chake (pembe kutoka upeo wa bahari), jibu ni latitudo yako kusini. Nungwi iko nyuzi 5 dakika 43, basi kimo kinatakiwa kiwe nyuzi 10 dakika 14.

Msinakili vipimo vya isbaa, yaani upana wa kidole, vya enzi za Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15. Isbaa yenyewe haina tatizo (224 kwa duara zima, karibu nyuzi 1 dakika 36 kila moja). Tatizo ni mbingu. Tangu karne ya 15 Kochab imesogea mbali na ncha ya kaskazini kwa karibu nyuzi 2, na kosa la nyuzi 2 ni maili 120 za baharini. Uliyetaka kuingia Mombasa utajikuta unaitafuta bandari mbele ya Unguja.

Juni. Kibao na uzi

Kibao ni cha mninga, unene milimita 4, kimo milimita 100 kamili, upana 60. Ukingo wa juu na wa chini umechongwa ukawa mwembamba upande wa mbali na jicho, maana ukingo mnene unaimeza nyota kabla haijagusa. Tundu la milimita 3 liko katikati kabisa. Uzi wa nailoni ulikataliwa siku ya kwanza: unavutika. Wa pamba hujikunja ukilowa. Kilichobaki ni kitani kilichopakwa nta ya nyuki, kikaning'inizwa na jiwe usiku kucha kabla ya kufungwa kifundo chochote.

Urefu kutoka kibao hadi jicho, ukishaongeza upindaji wa mwanga hewani na kushuka kwa upeo kwa mtu ambaye jicho lake liko mita 2 juu ya maji:

Lamu 414, Malindi 444, Mombasa 475, Tanga 519, Nungwi 551. Zote ni milimita.

Kilwa Kisiwani inatoa 800, na mkono wa mtu haufiki huko. Kwa hiyo kuna kibao cha pili, kimo milimita 75, ambacho kwa Kilwa kinataka 600. Ndiyo sababu kamali za zamani zilikuwa na vibao zaidi ya kimoja.

Kila kifundo kinasomwa kwenye ukingo wake ulio upande wa kibao. Kifundo kimoja kina urefu wa milimita 5 hivi, na kwa Nungwi kila milimita ni zaidi kidogo ya maili moja; leo ukauma mwanzo wa kifundo, kesho mwisho, umejipa maili tano za bure.

Mwisho wa Juni. Majaribio Nungwi

Tarehe 21 Juni Kochab inafika kileleni kama saa 3 na robo usiku, kisha inawahi dakika 4 kila siku. Usihangaikie dakika: nusu saa kabla au baada, kimo kimepungua kwa dakika 8 tu za nyuzi. Shida ni upeo. Usiku wa giza bahari na mbingu havitengani, na mstari unaodhani ni upeo mara nyingi ni ukungu. Subirini mbalamwezi, au wiki ya mwisho ya Julai, nyota inapofika kileleni kama saa 1 jioni na upeo bado unaonekana.

Kifundo cha 551 kilikosea. Ukingo wa chini ukikaa kwenye maji, nyota ilikuwa imefichwa nyuma ya kibao. Sababu ni meno: uzi unaumwa sentimita 7 au 8 chini ya jicho, kwa hiyo unakwenda mshazari na jicho linakuwa karibu zaidi na kibao kuliko uzi unavyosema. Kifundo kimesogezwa hadi 557. Meno ya mtu mwingine yatataka namba nyingine, basi kamali hairithiwi bila kupimwa upya mahali unapopajua.

Kibao kikilala kwa nyuzi 10 unapoteza dakika 9 za nyuzi. Uzi ukilegea, kusi inaupinda na unajikuta na kimo kidogo kuliko cha kweli. Vuta hadi uzi uwe kama wa zeze, fumba jicho moja, pima mara tano, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Na maji. Siku za bamvua bahari hapa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Ukisimama palepale kwenye jiwe, maji yakitoka jicho lako limepanda kutoka mita 2 hadi 6, na upeo umeshuka kwa dakika 2 zaidi za nyuzi. Jioni ya bamvua maji yanatoka wakati huohuo unaopima, kwa hiyo shukeni pwani pamoja nayo.

Julai. Kinachofuata

Kifundo cha Tanga bado kina urefu wa hesabu tu. Kinahitaji kuongezwa milimita 5 au 6 na kupimwa kukiwa na upeo wazi wa kaskazini. Baada ya hapo, kibao kiingie chomboni. Huko mpimaji akae tezi, nyuma ya chombo, ajiegemeze, na asome nyota chombo kinapokuwa juu ya wimbi. Ukiwa bondeni, unachokiona si upeo bali mgongo wa wimbi linalofuata.