Vile nilivyowafanya mafundi wetu wameze dawa za malaria Juba

Mie ni mtu wa ofisi tu hapa Shimanzi, Mombasa, kampuni yetu ni ya kukarabati jenereta na kreni, daktari hatuna, ofisa wa usalama hatuna, kila kitu cha wafanyakazi kinaishia mezani kwangu. Bosi akipata kazi Juba, Sudan Kusini, ama Lubumbashi, Congo, naambiwa Alhamisi kwamba watu wanaondoka Jumatatu, "panga mambo". Na ushauri wa bure nimepewa mwingi, mwingi wake takataka.

Kama huu wa kadi ya manjano, ile ya kuonyesha umechomwa chanjo ya homa ya manjano. Congo na Sudan Kusini wanaitaka, na inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, si siku uliyochomwa. Kumwambia bosi hivyo, akanijibu ati kuna kijana mjini anakutolea jioni hiyo hiyo, muhuri na kila kitu, sindano hakuna. Ebu fikiria, mtu umpeleke kwenye homa ya manjano yenyewe na karatasi mfukoni, kwani mbu anasoma? Nilikataa katakata, tukanuniana, mwisho tarehe ikasogezwa na mteja wala hakulalamika. Siku hizi fundi akiajiriwa tu nampeleka Port Health, ofisi ya serikali ya afya ya wasafiri, achomwe hata kama safari haijulikani, na tangu 2016 sindano moja inahesabika maisha yote, kwa hivyo mwenye kadi ya zamani ya miaka 10 asikubali kuuziwa nyingine.

Sasa malaria, hapo ndipo nilipotoa jasho. Kuna hii hadithi kwamba mtu wa Pwani malaria ameizoea. Ameizoea wapi? Mtu amekulia Majengo, mara ya mwisho kuugua alikuwa shule ya msingi, na hiyo kinga isipochokozwa inapungua. Bosi akaona dawa yake ni semina, akalipa mtaalamu, hoteli Nyali, projekta, sambusa. Yule bwana akatuonyesha picha za vidole vilivyokuwa vyeusi kwa theluji. Watu wanaenda Juba! Mafundi wakala sambusa wakasinzia, wakagaiwa neti moja moja na doksisaiklini, ile dawa ya kumeza kila siku kukinga malaria, tukapiga picha ya pamoja. Baadaye nikapata habari neti moja iko Kaloleni kwa mama mkwe wa mtu, nyingine inakinga vifaranga na mwewe. Na dawa wakaacha karibu wote, ati inachoma kifua.

Nikamkalisha mmoja, fundi wa Mtwapa, nikamuuliza kaka hebu niambie, unamezaje? Kumbe anameza kavu, usiku, akiwa ashalala, kidonge kinakwama njiani kinaunguza koo, alafu akisikia moto anatafuna zile tembe za kiungulia ambazo zinaizuia doksi isiingie mwilini vizuri. Yaani anapata maumivu na kinga hapati! Mwenye duka la dawa akanipa jibu rahisi tu, umeze baada ya chakula na gilasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa ndio ulale, na mchana kofia na mikono mirefu maana doksi inafanya ngozi iungue na jua upesi.

Kifua kikaacha kuchoma lakini kumeza kila siku bado ni mtihani, na mimi niko Mombasa siwaoni. Nikafungua grupu ya wasap, kila jioni picha ya dawa kwenye ulimi, asiyetuma msimamizi hampi posho ya kesho. Siku za kwanza raha tupu, alafu nikaona kwenye picha za mmoja sahani yake ya ugali na samaki haibadiliki, hata mwiba umelala pale pale. Alijipiga picha nyingi siku moja anazitoa kidogo kidogo! Sikumgombeza. Kesho yake nikaandika: leo dawa iwe ulimini na kiatu kichwani. Keshokutwa, spana sikioni. Walicheka wakanibandika jina Askari wa Doksi, lakini walimeza.

Na usiache ukishuka ndege, doksi unaendelea wiki 4 baada ya kurudi, ndio maana kipande cha mwisho cha posho nakishikilia mpaka ziishe. Yule wa Mtwapa akaona bora aisamehe hiyo hela. Wiki ya tatu mkewe akanipigia, "Dada, bwanangu anatetemeka, nafikiri ni hii baridi ya Julai." Nikamwambia shemeji, Julai ya Mtwapa haitetemeshi mtu hivo, mpeleke maabara leo leo, na kabla daktari hajauliza kitu mwambie huyu ametoka Juba. Ikapatikana malaria, akatibiwa, sasa yeye ndiye anawakumbusha wenzake.

Bima nayo, bosi alisema WIBA inatosha. WIBA ni fidia ya ajali na magonjwa ya kazini, haikutumii ndege Juba usiku. Tukanunua ya safari, ajenti akaapa namba ya dharura inashikwa saa 24. Nikaipiga saa nane usiku nikiwa mzima kabisa. Ikaita ikakatika, ikaita ikakatika. Na kusoma yale maandishi madogo, Sudan Kusini haimo kwenye bima. Tulihamia kwengine, bei ikapanda kiasi, huko walishika mara ya pili.

Dubai watu wanaidharau sababu hakuna mbu. Mhasibu wetu alikuwa anaenda na vidonge vya mgongo vyenye kodeini, na UAE, nchi yenyewe ya Dubai, hivyo, pamoja na tramadoli, dawa nyingine kali ya maumivu, huingii navyo bila kibali cha serikali yao, watu wameshafungwa. Daktari wake akambadilishia. Fundi mmoja aliyekuwa anasikiliza akauliza, "Na muguka je, madam?" Nikamwambia kule muguka na miraa yote ni jela. Akasema basi yeye Juba inamtosha.