Mluzi wa Hiace

Hiace ilikuwa ya njia ya Mbalizi–Uyole, na mwenyewe aliitaka barabarani alfajiri ya kesho yake. Ilikuwa Julai 2011. Nilikuwa na miezi mitano tu pale Mwanjelwa, kwenye kibanda cha mabati cha fundi wangu wa muziki wa magari: meza moja, solda mbili, na jiko la mkaa ambalo mwezi ule lilikuwa na thamani kuliko zana zote. Anayeijua Mbeya ya Julai haniulizi kwa nini.

Asubuhi hiyo fundi alikwenda msibani Tukuyu. "Gwe dogo," aliniambia, "usinitie aibu."

Kazi yenyewe niliijua. Ampli ya chaneli nne chini ya siti ya nyuma: chaneli mbili ziende kwenye spika za milango, mbili ziunganishwe zisukume sabufa moja ya inchi 12. Dereva alikuja na waya wake wa geji 4, nami nikaukwangua kwa kisu kwanza, maana kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu ambao umewaliza wengi. Ulikuwa shaba mpaka ndani. Fyuzi niliiweka shubiri mbili tu kutoka kwenye betri, kama nilivyofundishwa, ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike kabla gari halijashika moto. Kote huko nilikuwa makini. Ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, niliifunga kwa dakika mbili: nikalegeza boliti ya siti, nikachomeka kichwa cha waya, nikakaza. Baridi ilikuwa imenifika kwenye vidole.

Jioni dereva akawasha redio. Muziki safi kabisa, akacheka mwenyewe. Kisha akawasha injini.

Wiiiii.

Akikanyaga mafuta mluzi unapanda, akiachia unashuka. Konda akasema nimewafungia filimbi ya trafiki.

Nikachomoa kwenye ampli nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, mluzi ukanyamaza. Basi, nikajiambia, ubaya uko kwenye nyaya hizi, zimepita karibu mno na waya wa betri. Nikang'oa mati zote, nikahamishia nyaya hizo upande wa pili wa gari. Ilinichukua saa moja na nusu, tochi mdomoni. Nikawasha: wiiiii, vilevile. Ndipo nikafanya ujinga ambao hadi leo nikiukumbuka naona haya. Nilipandisha geini ya ampli mpaka mwisho ili muziki uufunike mluzi. Mluzi nao ukakua, na spika za milango zikaanza kukwaruza.

Fundi alinikuta hapo, saa tatu usiku, akiwa bado na koti la msibani. Hakuniuliza kitu. Alichukua mita, ncha moja akaigusisha kwenye ethi ya ampli, nyingine akaivuta kwa waya mrefu hadi hasi ya betri, injini ikiunguruma na muziki ukipiga. Volti 1.4.

"Hapa panatakiwa karibu na sifuri. Fungua boliti."

Chini ya kichwa cha waya palikuwa na rangi ya gari, inang'aa kama mpya. Akanipa msasa. Nikasugua mpaka bati likawa jeupe, nikakaza upya. Mita ikasoma 0.05. Mluzi haukuwepo.

Alinieleza huku akiota moto. Ethi ikizuiwa na rangi, umeme hutafuta njia nyingine, hurudi kupitia maganda ya nyaya za RCA na kubeba kelele za alteneta, ile inayochaji betri, hadi kwenye spika. Kwa hiyo nilipozichomoa nilikuwa nimekata uchochoro tu, tatizo nimelikalia.

"Na geini nani kaifikisha huku?"

Nikanyamaza. Tukaishusha yote, tukachomoa sabufa, tukaweka CD yenye toni ya hezi 50, redio kwenye robo tatu ya sauti, besi za kuongeza zimezimwa. Mita ikahamia upande wa AC.

"Wati 200, omu 4. Zidisha."

"Mia nane."

"Kipeuo cha pili?"

Hesabu za sekondari, sikudhani zingenifuata hadi chini ya siti ya daladala. Ishirini na nane na kitu, ndizo volti ambazo ampli ilitakiwa kutoa. Akaizungusha geini polepole mpaka mita ilipofika 28. Haikufika hata nusu. Dereva akanuna, anataka sabufa igonge. Fundi akamwambia geini siyo sauti, ni ya kulinganisha ampli na redio. Ukiizidisha mawimbi yanakatwa vichwa, koili inachemka, na sabufa ikiungua asimletee yeye.

Tulifunga kibanda saa saba usiku. Asubuhi nilikuwa nimesimama barabarani nasubiri chai ya mama ntilie, Hiace ikapita imejaa, muziki umetulia vizuri. Nikatega sikio. Konda akaniona, akatoa kichwa dirishani, akavuta pumzi.

"Wiiiii!"

Abiria wakageuka kunitazama.