Jamaa wa soseji na msumeno unaojizima

Mzee aliyenifundisha ufundi pale Keko ukimpa mkono lazima ushtuke kidogo, kidole cha shahada hakipo na cha kati kimeishia nusu. Umeme ulikatika anapasua mninga, akasahau kuzima swichi, akaingiza mkono kutoa kipande kilichokwama, umeme ukarudi. Basi.

Ndo maana nilipoanza kusoma habari za SawStop, kampuni ya misumeno ya meza inayojizima ikigusa mtu, sikulala mapema. Mwanzilishi anaitwa Steve Gass, Mmarekani wa Oregon, kasoma fizikia mpaka udaktari halafu akawa mwanasheria wa patenti, zile hati za kulinda uvumbuzi, useremala kwake ni wa kujifurahisha tu nyumbani. Mwaka 1999 akajiuliza, kwani msumeno hauwezi kujua umegusa mtu?

Jibu lake ni rahisi mpaka inauma. Bledi inapitishiwa umeme kidogo sana, mwili wa mtu unapitisha umeme kuliko mbao kavu, kwa hiyo ukigusa tu mawimbi ya ule umeme yanabadilika, mashine inajua hii sio mbao, spring inafyatuka na kusukuma kipande cha alumini kwenye meno ya bledi. Bledi inakwama na kuzama chini ya meza, yote hayo ndani ya sehemu 5 za elfu moja ya sekunde! Unabaki na mkwaruzo. Kwenye maonyesho alikuwa anatumia soseji badala ya kidole, ila baadaye aliweka na kidole chake mwenyewe mbele ya kamera, huyo mimi siwezi kumwelewa lakini namheshimu.

Mwanzoni hakutaka kiwanda kabisa. Yeye na wenzake wawili kutoka ofisi ya sheria walitaka makampuni makubwa yanunue leseni, asilimia 8 ya bei ya jumla. Wakazungushwa miaka. Hoja zilikuwa nyingi, itaongeza gharama, itajifyatua bure, lakini nyingine ndo ilinichosha: ukiuza msumeno mmoja ulio salama umekiri kwamba ile mingine yako yote sio salama, na wanasheria watakufuata. Jamani, yaani vidole vya watu vinasubiri kesi?

Basi wakaamua kutengeneza wenyewe, msumeno wa kwanza ukatoka 2004, unaundwa Taiwan. Ulikuwa wa bei mbaya lakini mashule na karakana kubwa wakanunua. Na kesi zikaja kweli, mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama Boston likaamua fundi wa sakafu aliyeumia alipwe dola milioni 1.5 na kampuni iliyotengeneza msumeno wa kawaida aliokuwa anatumia, kwa vile teknolojia ya kuuzuia ilishakuwepo.

Sasa hapa ndo namgeuka kidogo Gass. Bosch walipotoa Reaxx yao 2015, msumeno wa aina hiyohiyo ambao ulikuwa unashusha bledi bila hata kuiharibu, SawStop wakawashtaki kwa patenti na Reaxx ikazuiwa kuingizwa Marekani. Wakati huohuo Gass alikuwa anaibana serikali tangu 2003 ilazimishe misumeno yote iwe na breki kama hiyo. Yaani sheria ikulazimishe ununue kitu, na mlango wa kukinunulia ameshika yeye. Mwaka 2017 wakauza kampuni kwa TTS, wenye chapa ya vifaa vya ufundi ya Festool, na 2024 ndo wakaahidi kuiachia umma patenti moja muhimu iwapo sheria hiyo itapita.

Nilimwonyesha mzee video ya soseji. Akairudia mara tatu, akauliza ikishafyatuka inakuwaje. Nikamwambia unabadilisha katriji ya breki, kama dola 100 hivi, na bledi nayo ndo imeshakwenda. Na mbao ikiwa na maji sana inaweza kudhani ni kidole.

Akanitazama. "Kwa mbao wanazotuletea hapa? Ningenunua tatu kabla ya chai ya saa nne."