Nukta zimejitenga!

Jamani, nimetoka maabara sasa hivi na moyo bado unanidunda.

Uyoga wa msitu wa miombo, ule wa masika, tuliukausha, tukausaga, tukaumulika kwa mionzi ya infraredi. Protini hufyonza karibu na mawimbi 1650 kwa sentimita, kabohaidreti kati ya 1000 na 1200. Kila sampuli hutoa mstari wake wa vilima na mabonde.

Kwa macho, mistari ilifanana. Kabisa!

Kisha kompyuta ikachambua vijenzi vikuu, yaani ikabana mamia ya namba zikabaki mbili tatu zinazobeba tofauti kubwa.

Grafu ikafunguka, kila sampuli nukta moja.

Uyoga wa kichuguu huku, Amanita (jamii nyingine ya uyoga) kule, katikati hakuna hata nukta moja.

Nimelitazama lile pengo muda mrefu, nikimfikiria bibi anayeutambua uyoga kwa kuunusa na kuuvunja shina.

Amanita zenyewe zipo zinazoliwa huku kwetu, na zipo zenye sumu inayoharibu ini, ambayo hata ukichemsha haiondoki. Kuzitenganisha hizo ndiyo kazi ijayo, na ndiyo ngumu.

Kwenu mnautambuaje uyoga wa kula? Niandikieni, na jina la kilugha pia.